Mifupa na Viungo: Tuanze na Mwendo Kabla ya Majina

Somo la mifupa hufundishwa mara nyingi kama orodha ya majina. Mwalimu huchora kiunzi ubaoni, wanafunzi hunakili, na mtihani ukiisha majina nayo husahaulika. Hali mwili wa kila mtoto ni kifaa cha kufundishia kisichonunuliwa. Tena mtoto aangukaye kutoka mwembeni hufikiwa kwanza na wenziwe, si na mganga. Kwa hiyo yafaa somo lianze na mwendo, lifuate jina, kisha liishie katika huduma ya kwanza.

Hatua ya kwanza: Kuchunguza mwendo
Mfunge mwanafunzi mmoja kadibodi kuzunguka kiwiko ili mkono usikunjike, kisha umwambie ale. Hataweza kufikisha mkono kinywani. Darasa litaona lenyewe kwamba kinachokunjika si mfupa, bali mahali mifupa inapokutana, yaani kiungo.

Sasa walinganishe. Kiwiko hufunguka na kufunga kama mlango juu ya bawaba. Bega na nyonga huzunguka pande nyingi, kwa kuwa kichwa cha mviringo cha mfupa kimekaa katika kishimo, mfano wa mchi ndani ya kinu. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshonana, haisogei. Katika kichwa ni taya la chini tu liendalo.

Hatua ya pili: Kuona kilichomo
Leta mguu wa kuku uliochinjwa, uupasue penye goti. Waonyeshe gegedu, ambalo ni jeupe na laini na huzuia mifupa isisagane, ute unaotelezesha, na kano ngumu zinazoufunga mfupa kwa mfupa.

Wiki moja kabla ya somo, tumbukiza mfupa mwembamba wa kuku katika siki. Madini yake yatayeyuka, nao utapindika. Mwingine uchome motoni wewe mwenyewe. Utabaki na ugumu, lakini ukiubonyeza utavunjikavunjika. Mfupa hai unahitaji yote mawili: madini ya kuutia ugumu na protini ya kuutia unyumbufu.

Hatua ya tatu: Majina na hesabu
Mtu mzima ana mifupa 206. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una 27, na kila wayo pamoja na kifundo chake una 26. Wanafunzi wakijumlisha watapata 106, zaidi ya nusu ya mifupa yote. Waulize sababu, kisha watazame mkono ushikao kalamu.

Hatua ya nne: Huduma ya kwanza
Mfupa wa mtoto huweza kuvunjika nusu kama kijiti kibichi, bila kuachana. Karibu na ncha za mifupa mirefu pana sehemu inayokua. Ikidhurika, kiungo chaweza kukua kifupi au kwenda upande. Kwa sababu hiyo wanafunzi hawana budi kujua haya:

1. Wasivute, wasikande, wala wasijaribu kunyoosha.
2. Penye jeraha wafunike kwa kitambaa safi, bila kuusukuma mfupa ndani.
3. Mkono utegemezwe kwa gango la ubao au gazeti lililokunjwa, uning'inizwe kwa kanga, na majeruhi apelekwe zahanati.
4. Aliyeumia shingo au mgongo asiinuliwe. Aitwe mtu mzima upesi.

Upimaji
Usiulize, "Taja mifupa kumi." Uliza: "Mfupa ukivunjika kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kwa nini gango lizuie kiwiko na kifundo pia?" Atakayejibu kwamba viungo hivyo vikienda huusogeza mfupa uliovunjika, huyo amelielewa somo, naye anaweza kuaminiwa kumkaa mwenzake hadi msaada ufike.