Mlio wa Valvu katika Injini ya Gari la Mashindano

Napenda kueleza namna ya kutambua mlio wa valvu. Mfano wangu ni Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Injini yake ina silinda 6 na valvu 12.

Kwanza, sikiliza mwendo wa mlio. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankishafti izungukapo mara mbili. Basi injini ikienda mizunguko 800 kwa dakika, valvu moja iliyolegea hugonga mara 400. Mlio wake ni mwembamba, nao hutoka juu. Kishindo kizito kitokacho chini mara nyingi ni cha beringi: zima injini upesi.

Pili, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko, mpini sikioni, uihamishe toka silinda hadi silinda.

Tatu, zima injini ingali moto, upime kwa fila geji nafasi iliyo kati ya kamshafti na roka: valvu ya kuingizia 0.25 mm, ya kutolea moshi 0.30 mm, kwani hii ya pili hupata joto zaidi na kurefuka.

Lakini nawaonya: msikaze mno kwa kutaka ukimya. Valvu isiyofunga sawasawa hupitisha moto, nayo huungua. Heri valvu igongayo kidogo kuliko iunguayo kimya kimya.