Somo: Kuta Mbili Zinazotazamana

Sisi tuandikao haya Utende, Mafia, hatuna haja ya kufundishwa chokaa ni nini. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Juani, zasimama hata leo kuta za mji wa kale wa Kua, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Basi kwa chokaa twaweza kufahamu kazi iliyofanyika Rumi, katika jumba la Papa, tangu mwaka 1509 hata 1511.

Fundi Raphael, aliyekuwa hajatimiza miaka thelathini, alipaka ukutani chokaa ya kutosha kazi ya siku moja, akaichora ingali mbichi. Chokaa hiyo ikikauka hugeuka kuwa kama jiwe, na rangi hushikwa ndani yake.

Katika ukuta mmoja aliwachora wenye hekima wa Uyunani, ambao wengi wao waliishi kabla ya Kristo. Katikati wako Plato na mwanafunzi wake Aristotle: Plato aelekeza kidole juu, Aristotle anyosha kiganja kuielekea nchi. Yuko na mwenye kilemba, ambaye wengi humdhani kuwa Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefasiri mafundisho ya Aristotle kwa Kiarabu. Katika ukuta wa pili, unaotazamana na huo, Kristo ameketi mbinguni, na chini yake Augustino na waalimu wengine wa Kanisa wameizunguka madhabahu.

Je, ilifaa kuwaweka hao wote chumba kimoja? Luther, aliyezuru Rumi karibu na miaka ile ile, mwaka 1517 aliandika kwa ukali kumpinga Aristotle katika mafundisho ya dini. Lakini Melanchthon, mwenziwe, alianza kufundisha Kiyunani huko Wittenberg mwaka 1518, wala hakuvitupa vitabu vya Wayunani. Sisi twaona Raphael alipima vema: hakuwafukuza wenye hekima chumbani, wala hakuwapa ukuta wa madhabahu.

Neno hili latugusa, kwa maana wazee wetu walikuwa na hekima kabla ya kuisikia Injili, na jirani zetu Waislamu wanayo elimu yao. Paulo naye, aliposimama Athene, alitumia maneno ya washairi wa Wayunani. Wakamsikiliza mpaka alipotaja ufufuo, ndipo wengine wakamcheka. Kwa mkutano ujao someni Matendo 17:16-34, mkaangalie ni wapi alipokwenda pamoja nao, na ni wapi alipoachana nao.