KUMFUNZA MWANA NYUMBANI KABLA YA CHUO NA SKULI
Somo kwa akina baba, khasa waliohamia Segese na nchi za dhahabu

Amma baada. Ndugu zetu watu wa pwani, tumezoea kumhesabu mwana mdogo kuwa ni wa mamaye hatta afike umri wa kupelekwa chuoni. Akiwa na miaka mitatu twasema bado. Akiwa na minne twasema akili haijaingia. Akifika sita au saba ndipo baba hukumbuka ya kuwa ana mwana, akamshika mkono akaenda kumkabidhi mwalimu. Na mwalimu huyo humtaka amtilie mwana kwa mwezi mmoja kile ambacho baba hakumtilia kwa miaka sita.

Killa mmoja wetu ajua kwamba mwana huamrishwa sala atimizapo miaka saba. Lakini wengi tumeishika amri hii kwa upande mmoja tu, tukadhani ya kuwa kabla ya saba hapana kazi. Tazama vizuri. Mwana wa miaka saba anapoambiwa, Simama usali, je, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuiona sala? La. Amekwisha kumwona babaye akitawadha killa siku; amekwisha kusimama ubavuni pake akisujudu kabla ya wakati na kuinuka baada ya wakati; amekwisha kumpanda mgongoni. Amri ilipokuja imekuta viungo vyake vimekwisha kujifunza. Basi ile miaka iliyo kabla ya amri si miaka mitupu, bali ni miaka ya kuona, kushika na kuigiza, na mambo mengine yote ya elimu huingia kwa mlango huohuo.

Wala asiseme mtu ya kwamba kucheza na mwana ni kazi ya wanawake na kwamba humpunguzia mwanamume haiba. Mtume, sala na salamu ziwe juu yake, alikuwa akimfanyia mzaha mtoto mdogo Abu Umayr na kumwuliza khabari za kijindege chake, na haiba yake yatosha kuwa mfano kwetu sote. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kuwa mwana arudipo chuoni aruhusiwe mchezo mzuri, kwani kumzuilia mchezo na kumlemeza masomo daima huufisha moyo wake na kumfanya atafute hila za kutoroka. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameandika ya kuwa ukali juu ya wanafunzi, khasa wadogo, huwafunza uvivu, uwongo na hila. Basi sisi tuliolelewa na bakora tusione kuwa bakora ndiyo elimu.

Sasa twaitaja Segese, kwa sababu huko jambo hili lina uzito zaidi. Segese ni kata ya Msalala, katika wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, nchi ya Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi. Katika Msalala hiyohiyo uko mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, na pande zote hizo, hatta Geita, wamejaa wachimbaji wadogo wenye maduara yao. Watu wa pwani kwenda bara si jambo jipya. Tangu zama za misafara Tabora ilikuwa kituo cha wafanyi biashara wetu. Na leo mtu wa Tanga au wa Unguja hufuata dhahabu au wenye dhahabu, akafungua duka la nguo, la vyakula au la vipuri, akaleta mke na wana.

Baba huyu hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mama naye yuko genge lake. Mwana wa miaka minne yuko wapi? Yuko nyuma ya wana wakubwa, waelekea kwenye karasha inayosaga mawe na kwenye mialo yanakooshwa marudio. Na huko hakai bure, hujifunza: majina ya vyombo, matusi, bei ya dhahabu, na kwamba mtu aweza kutajirika kwa siku moja bila ya kujua kusoma. Mwana hawezi kuzuiwa kujifunza. Baba asipomfunza, duara litamfunza.

Ni kweli serikali ya Tanzania, kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, imeufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza. Na mwezi wa Desemba 2021 ilizindua huko Dodoma programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo. Hayo ni mema, na mwana apelekwe. Lakini mwaka mmoja ni mmoja, na mwalimu wa awali ana wana wengi mbele yake kuliko mikono yake miwili. Baba ana mmoja au wawili. Muda wa kunywa kikombe cha kahawa killa jioni humtosha, tena pasipo kununua kitu.

Tuanze na hesabu, kwani hapo ndipo tunapojidanganya. Utamkuta baba anajifakhari mbele ya wageni: Mwanangu ajua hatta ishirini! Na mwana huimba moja, mbili, tatu mpaka ishirini bila ya kupumua. Mwambie, Niletee vikombe vitatu. Atakuletea vyote vilivyomo mezani. Huyo ameshika wimbo, hajashika hesabu. Kuhesabu kwa ulimi ni kitu kimoja, na kuhesabu kwa mkono ni kitu kingine.

Katika nyumba ya Segese hapakosi michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani. Mpe mwana vipande vitano na umwambie awagawie watu: kimoja cha baba, kimoja cha mama, kimoja cha bibi. Kisha uliza: Vimebaki vingapi? Akikosea usimwite mjinga, wala usimtajie jawabu. Mwambie avisogeze kwa kidole kimoja kimoja, akitaja neno moja kwa killa kipande kinachosogea. Hilo ndilo somo lenyewe: neno moja, kitu kimoja. Akiisha kulijua, twaa kokoto tatu mbele ya macho yake, fumba mbili mkononi, mwonyeshe moja, umwulize zilizojificha ni ngapi. Mwana wa miaka mitano atacheka na kukisia, na baada ya siku chache hatakisia tena, atajua. Hapo amekwisha kuingia katika kutoa na kujumlisha, na hapana aliyemtajia majina hayo.

Wasukuma wana mchezo wao waitao isolo, ndugu wa bao letu. Kwa mdogo chimba ardhini safu mbili za mashimo manne manne, mpe mbegu, apande moja katika killa shimo bila ya kuruka. Asije mtu akatuambia ya kuwa twafungua mlango wa kamari. Hapana dau hapa, ni mbegu za ubuyu na vumbi. Dukani nako kuna mizani. Mwache ashike mfuko wa pamba kwa mkono huu na kipakiti cha chumvi kwa mkono huu, aseme kipi kizito, kisha mizani imhukumu. Mfuko mkubwa wa pamba utamshangaza, na mshangao huo una faida kuliko maneno yako mengi. Lakini wenye umri chini ya miaka mitatu wasipewe kokoto, mbegu wala sarafu, kwani killa kitu kwao huenda kinywani, na kitu kidogo huziba koo.

Jambo la pili ni maneno. Baba wengi wa pwani huona uchungu wakimsikia mwana ajibu kwa Kisukuma, wakamkemea ati anaharibu ulimi. Hili ni kosa. Mwana mdogo hubeba lugha mbili kwa wepesi kuliko wewe kubeba gunia moja, na aliyezishika zote mbili vizuri huona mapema ya kuwa jina si kitu chenyewe, na hiyo ni nusu ya kufahamu kusoma. Tena lugha hizi ni jamaa. Sisi twasema saba kwa neno la Kiarabu, na Wasukuma husema mpungate. Lakini siku saba za bwana arusi twaziita nini? Fungate! Neno la wazee wetu limesalia katika arusi zetu, na wao wanalo sokoni killa siku. Na kenda ya wazee wetu, ambayo vijana wa leo huiita tisa, wao wangali nayo. Basi umwulize mwanao: Jirani zetu hiki wakiitaje? Naye atakufunza wewe.

Wewe nawe mpe Kiswahili kilicho kizima, si amri tupu za Njoo, Nenda, Nyamaza. Mwambie unachokifanya wakati unapokifanya: sasa naukunja msuli, naukunja mara mbili, umekuwa mdogo, wataingia mfukoni. Usiku mtegee vitendawili, kisha naye akutegee chake, hatta kikiwa hakina kichwa wala miguu. Mwana anayetunga kitendawili kibovu anafanya kazi kubwa kuliko anayejibu kizuri alichokariri.

Kalamu isimharakie. Vidole vya miaka minne bado ni laini, na baba amlazimishaye kuandika hufunza chuki ya kuandika. Vidole hupata nguvu kwa kukanda unga, kupukuchua mahindi, kufunga na kufungua vifungo vya kanzu. Kisha tandaza mchanga katika sinia: achore alifu, fimbo iliyosimama, achore be, dau lenye nukta chini yake. Akikosea sinia hutikiswa na kosa limekwisha, hapana wa kulicheka. Wana wa Kisukuma hufinyanga ng'ombe wa udongo, nao ni ufundi mwema wa vidole. Na mwenye shaka juu ya sanamu akumbuke vibandia vya Bibi Aisha alivyochezea utotoni, ambavyo wanavyuoni wengi wamevifanya hoja ya kuruhusu vitu vya kuchezea watoto.

Lakini udongo huo usitoke karibu na mialo, na hapa twafika kwenye jambo ambalo likipuuzwa yote yaliyotangulia ni bure.

Wachimbaji wadogo hushika dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Wako wanaochoma nyumbani, juu ya jiko lilelile la kupikia uji. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mtu huuvuta asijue. Huingia mwilini ukafika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo wa mwana mdogo, na wa aliyemo tumboni mwa mamaye, ndio unaodhurika zaidi kwa kuwa ungali unajengwa. Shirika la Afya Duniani limeitaja zebaki miongoni mwa kemikali kumi zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya watu, na mwaka 2013 mataifa yalipatana mkataba wa kuipunguza, uitwao kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambako maradhi yake yaligunduliwa mwaka 1956. Wafaa nini kumfunza mwana kuhesabu kokoto jioni, na usiku kuichoma akili ileile itakayohesabu?

Basi, ewe ndugu, zebaki isiingie nyumbani, hatta kwa ajili ya kuiweka. Ukimkodisha mchimbaji chumba, mwambie sharti hilo kabla ya kupokea kodi. Kuchoma kufanywe mbali na makao ya watu, na katika chombo kinachofungia mvuke. Nguo za kazini zivuliwe nje, mikono ioshwe kabla ya kumbeba mwana. Wala mwana asipelekwe mwaloni, hatta kwa kutumwa chakula cha babaye.

Imebaki khabari ya baba aliyeko Segese peke yake, na wanawe wako Pangani au Bagamoyo. Huyu naye hana udhuru, kwani simu anayo. Akipiga asiulize tu kama fedha zimefika. Amwombe mwana amweleze kilichomo mbele yake, mbuzi mlangoni au mashua pwani, ni wangapi, ni rangi gani, waelekea wapi. Naye amweleze mwana kilichomo mbele yake huko bara. Kisha atege kitendawili kimoja, asikitegue, akate simu, na jawabu alipokee kesho.