Zana za Kuundia Programu Baada ya Kuhamia Linux

Swali: Mtu aliyezoea kuunda programu za kompyuta ya mezani kwa Visual Basic 6 akihamia Linux, atumie zana gani?

Jibu: Visual Basic 6, iliyotolewa mwaka 1998, iliegemea Windows yenyewe, kwa hiyo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtunzi wa programu, hauhamishiki jinsi ulivyo. Zana iitwayo Gambas huvutia kwa kuwa hutumia lugha ya jamii ya BASIC, lakini imejengwa kwa ajili ya Linux, na mwenye wateja waliobaki kwenye Windows atakwama. Chaguo bora kwake ni Lazarus, zana huria ya lugha ya Pascal: kitufe huwekwa juu ya fomu, na kikibofywa mara mbili hufunguka utaratibu uitwao Button1Click, ambamo maagizo huandikwa papo hapo, kama alivyozoea, kisha msimbo uleule, ukiandikwa kwa uangalifu, hutengeneza programu ya Linux na ya Windows pia.

Zana nyingine, Qt, iliyoanzia Norway na kutumiwa kwa lugha ya C++ au Python, ina uwezo mpana zaidi, ingawa leseni yake, yaani masharti ya matumizi, isomwe kabla ya kuuza chochote.

Zana yoyote itakayochaguliwa, majina ya mafaili yakaguliwe mapema, kwa sababu Linux kwa kawaida hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na programu inayotafuta “Picha.png” haitaiona “picha.png”.