Memori Kadi Nayo ni Amana

Hapa Handeni na Korogwe tunahifadhi darsa za masheikh wetu katika memori kadi za simu na redio ndogo. Tunawausia haya:

1. Zima chombo kabla ya kuchomeka au kuchomoa kadi. Isipoingia, usiilazimishe; igeuze.

2. Isiposomeka, futa vyuma vyake kwa kitambaa laini kikavu, kisha ijaribu kwenye chombo kingine. Redio nyingi za zamani hazisomi kadi inayozidi GB 32.

3. Chombo kikikutaka ufomati, usikubali: yaliyomo yatafutika. Kwanza tafuta chombo kinachoisoma, unakili yote kwenye kompyuta.

Sheikh akisharejea kwa Mola wake, darsa yake hairekodiwi tena. Basi tuweke nakala mbili. Wabillahi tawfiq.