Kubadili Oili ya Gari la Mizigo la Dizeli: Mafundisho kwa Wakulima

Mkulima apandaye nyanya, kabichi au viazi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuyaotesha mazao. Ya pili ni kuyafikisha sokoni yangali mazima. Wengi katika ninyi mmekwisha kununua gari la mizigo la dizeli, ama mtu peke yake ama kwa kushirikiana na jirani zake. Gari hilo likifa njiani na shehena ya nyanya siku ya jua kali, hasara si ya gari tu. Ni hasara ya palizi, ya mbolea, na ya maji yote ya msimu ule. Karatasi hii yafundisha kazi moja iwezayo kufanywa na kila mtu mwangalifu, nayo ni kubadili oili ya injini.

SABABU YA KUBADILI OILI

Ndani ya injini vyuma vingi huzunguka na kusuguana. Oili huingia kati ya chuma na chuma kama utando mwembamba, ikavilainisha, ikavipoza, ikachukua uchafu wake, na kuvikinga na kutu.

Injini ya dizeli haiwashi mafuta yake kwa cheche. Hewa hukandamizwa hata ikawa ya moto sana, kisha dizeli hurushwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeonyesha mtambo wa namna hiyo ukifanya kazi vema, katika mji wa Augsburg, mwaka wa 1897. Moto huo huacha masizi, na sehemu ya masizi hupenya kando ya ringi za pistoni na kuangukia katika oili. Kwa hiyo msishangae mkiona oili mpya imekuwa nyeusi baada ya safari chache. Weusi peke yake si ubovu; ni alama kwamba oili inabeba masizi. Lakini kila mchukuzi ana kikomo cha mzigo wake. Oili iliyojaa masizi huwa nzito na chafu, nayo badala ya kulinda vyuma huvila.

WAKATI WA KUBADILI

Fuateni kitabu cha gari. Ikiwa kitabu hakipo, na gari ni la namna ya zamani, ni salama kubadili kila kilomita 5,000 au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Gari lipandalo milima na mzigo mzito, au lipitalo katika vumbi jingi, lisicheleweshwe hata kidogo.

Ikiwa oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Ikiwa yazidi kupanda katika kijiti cha kupimia na kunuka dizeli, dizeli yavujia ndani. Magonjwa hayo hayaponi kwa oili mpya. Msiliendeshe gari, mwiteni fundi.

VITU VINAVYOTAKIWA

Oili mpya, filta mpya, washa mpya ya nati ya sampu, spana iliyo sawasawa na nati hiyo, beseni liwezalo kupokea lita 10, faneli, matambara safi, na mawe mawili ya kuzuia magurudumu. Injini nyingi za magari madogo ya mizigo hutaka lita 5 hadi 7. Kipimo halisi kimo katika kitabu.

Katika kopo la oili tazameni herufi zifuatazo neno API. Herufi ya kwanza ikiwa C, kama CF-4 au CI-4, oili hiyo ni ya injini za dizeli; ikiwa S peke yake, ni ya petroli. Namba 15W-40 yaonyesha uzito wa oili, na yafaa magari mengi ya dizeli katika nchi za joto. Gari jipya lenye chujio la masizi katika bomba la moshi lataka oili yake maalumu, nanyi msiweke nyingine. Tena msinunue oili iliyopimwa katika chupa zisizo na alama.

NAMNA YA KUFANYA

1. Liwekeni gari mahali tambarare na pagumu. Washeni injini dakika 5 hadi 10, kwani oili yenye uvuguvugu hutoka vizuri na uchafu wake. Kisha izimeni, toeni ufunguo, kazeni breki ya mkono, na wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

2. Kama gari lina nafasi ya kutosha chini, msiliinue. Kama ni lazima kuliinua, liegemezeni juu ya stendi za chuma zilizo imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza bila kutoa onyo, na gari humwua mtu mara moja.

3. Fungueni kifuniko cha juu cha kutilia oili. Wekeni beseni chini ya sampu. Legezeni nati kwa spana, kisha imalizieni kwa vidole huku mkiisukuma juu, na mwondoe mkono upesi, maana oili yaweza kuunguza. Iacheni ichuruzike hata ibaki matone tu.

4. Futeni nati, tieni washa mpya, na irudisheni kwa vidole kwanza ili isipande mshazari. Ikazeni vema, lakini msitumie nguvu za kupita kiasi, kwani meno ya sampu yakiharibika gharama yake ni kubwa.

5. Ondoeni filta ya zamani, na mhakikishe kwamba raba yake haikubaki imeganda katika injini. Raba mbili zikikaa pamoja, oili yote yaweza kumwagika njiani. Pakeni raba mpya oili kidogo, kazeni filta kwa mkono mpaka raba iguse, kisha zungusheni kwa kadiri iliyoandikwa juu yake; nyingi hutaka robo tatu ya mzunguko.

6. Tieni oili mpya, mkibakiza kidogo. Ngojeni dakika chache, pimeni kwa kijiti, na mwongeze polepole hata ifike karibu na alama ya juu. Msiipite. Oili ikizidi mno katika injini ya dizeli, yaweza kuingia penye moto na kuwaka kama dizeli, injini ikakimbia yenyewe isizimike kwa ufunguo.

7. Washeni injini bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, zimeni injini mara moja na mtafute sababu. Ikizimika, tazameni chini kama kuna mvujo. Zimeni tena, ngojeni dakika 5, na mpime mara ya mwisho.

OILI CHAFU

Msiimwage shambani, mferejini wala karibu na kisima, kwani hutanda juu ya maji na kuyaharibu. Msiwapake ng'ombe kwa ajili ya kupe, wala msiitie katika vidonda vya mnyama au mtu. Oili iliyotumika ina masizi na chembe za madini zenye sumu, na ngozi inayoguswa nayo mara kwa mara kwa miaka yaweza kupatwa na saratani. Oshe mikono kwa sabuni kila afanyaye kazi hii. Itieni oili hiyo katika dumu lenye kifuniko, iwekeni mbali na watoto, na mwipeleke kwa gereji au kituo kinachokusanya oili chafu.

DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni tarehe, kilomita zilizosomwa katika saa ya gari, aina ya oili, na idadi ya lita. Kisha pimeni oili kila asubuhi kabla ya kupakia mzigo. Kazi hiyo ni ya dakika moja, nayo ndiyo ilindayo mavuno yenu njiani.