SOMO LA MAKATIBU: REGULATA YA MTUNGI WA GESI

Chama cha msingi chenye karakana, ama kinachopeleka plau na matrela kwa wachomeleaji wa Ngokolo, mjini Shinyanga, hutegemea mitungi miwili: wa oksijeni na wa asetilini. Mtungi wa oksijeni uliojaa huwa na mgandamizo wa bar 150 au zaidi, ilhali fundi huhitaji bar chache tu. Regulata ndiyo hushusha nguvu hiyo. Kwa hiyo katibu atiaye sahihi hati ya ununuzi ameshika usalama wa fundi mkononi mwake.

Kuchagua

Kila gesi ina regulata yake. Nati ya oksijeni hukazwa kwa kuzungushwa kulia. Ya asetilini, kushoto. Tofauti hiyo imewekwa makusudi: nati isiyoingia isilazimishwe wala isichongewe kiungo cha kubahatisha. Rangi za mitungi hutofautiana baina ya nchi na nchi, hivyo yasomwe maandishi. Regulata ambayo sindano ya geji hairudi sifuri isinunuliwe, hata ikiwa ni rahisi.

Kutumia

Mafuta au grisi ikikutana na oksijeni yenye mgandamizo mkubwa yaweza kuwaka bila kiberiti. Wakulima wa pamba wazingatie hasa jambo hili: mikono yenye grisi ya mashine, au pamba taka iliyoloa mafuta, isiguse regulata. Tena:

1. Mitungi isimamishwe wima na kufungwa mnyororo.
2. Skrubu ya regulata ilegezwe kabla ya kufungua vali ya mtungi.
3. Vali ifunguliwe polepole, fundi akisimama kando, si mbele ya geji.
4. Asetilini itokayo isizidi bar 1. Ikigandamizwa kupita kiasi yaweza kulipuka yenyewe.
5. Uvujaji upimwe kwa povu la sabuni isiyo na mafuta, kamwe si kwa moto.
6. Kazi ikiisha, vali zifungwe, gesi iliyobaki itolewe, na skrubu ilegezwe.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake. Chama kilichoajiri fundi ni mwajiri.

Maswali ya majadiliano

(a) Halmashauri imeletewa regulata mpya, na kuukuu ya nusu bei yenye geji mbovu. Katibu ashauri nini, na kwa hoja gani?

(b) Katika karakana yenu, nani hukagua regulata, na huandika wapi?